Misamaha ya VAT na Mapitio ya Serikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, kuanzia Hazina ya Taifa inapotoa Taarifa ya Sera ya Bajeti mwezi Februari hadi Rais anapotia saini sheria ya fedha mwishoni mwa Juni, maswali yale yale hurudi jijini Nairobi. Huulizwa na wauzaji wa jumla wa Nyamakima, na wenye viwanda vidogo vya Industrial Area, na wazazi wa Kayole wanaotaka kujua kama bei ya unga itapanda. Majibu yafuatayo yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali za pekee.

## Mambo ya msingi

1. VAT ni kodi gani, na inahusianaje na ile iliyoitwa kodi ya mauzo?

Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo karibu kila mtu huiita VAT, hutozwa katika kila hatua ya biashara, kuanzia kwa anayeagiza au kutengeneza bidhaa hadi kwa anayeiuza rejareja. Mfanyabiashara aliyesajiliwa huwatoza wateja wake, hutoa kodi aliyolipa yeye mwenyewe aliponunua mahitaji ya biashara, kisha hupeleka tofauti kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa utaratibu huo, mwenye duka ni mkusanyaji tu. Anayeubeba mzigo ni mnunuzi wa mwisho.

Kenya ilianza kutoza kodi ya mauzo mwaka 1973, nayo ilikusanywa hasa kwa watengenezaji na waagizaji. VAT iliichukulia nafasi yake mwaka 1990. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2013, iliyoanza kazi tarehe 2 Septemba mwaka huo. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16, ingawa kilishushwa hadi asilimia 14 kuanzia Aprili 2020 wakati wa janga la korona, kikarudishwa tarehe 1 Januari 2021.

2. Bidhaa iliyosamehewa VAT ni sawa na bidhaa ya kiwango cha asilimia sifuri?

La, na tofauti hii ndiyo inayowapotosha wengi zaidi, hata baadhi ya wanaojadili Mswada wa Fedha redioni. Katika hali zote mbili mteja haoni VAT kwenye risiti, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba ni kitu kimoja. Tofauti iko nyuma ya kaunta.

Tuseme mwokaji mikate anatumia mahitaji yanayotozwa kodi, kama vile umeme, mifuko ya kufungia na vipuri vya mashine, yenye thamani ya shilingi 20 kwa kila mkate, na juu yake analipa VAT ya shilingi 3.20. Tuseme pia kwamba mkate wake huuzwa shilingi 60 unapokuwa katika kiwango cha asilimia sifuri. Katika kiwango hicho mkate huhesabiwa kuwa bidhaa inayotozwa kodi, ila kwa asilimia 0, kwa hiyo mwokaji ana haki ya kudai zile shilingi 3.20 kutoka KRA. Mkate ukihamishiwa katika orodha ya misamaha, anapoteza haki hiyo, shilingi 3.20 zinakuwa gharama yake, na akiamua kulinda faida yake mkate utauzwa shilingi 63.20. Ukitozwa kiwango cha kawaida, mnunuzi atalipa shilingi 69.60.

Kwa hiyo, mswada unaposema kwamba bidhaa fulani "itasamehewa VAT", msomaji aulize kwanza ilikuwa wapi kabla ya hapo. Ikiwa ilikuwa inatozwa asilimia 16, hiyo ni nafuu. Ikiwa ilikuwa katika asilimia sifuri, hilo ni ongezeko la kodi lililovaa jina la msamaha. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza mahamisho ya aina hiyo, yakiwemo ya malighafi za chakula cha mifugo na usafirishaji wa miwa kutoka shambani hadi kiwandani, na ndiyo maana wakulima na wenye viwanda waliupinga ilhali hakuna mahali uliposema kwamba bidhaa zao zingetozwa asilimia 16.

3. Ni bidhaa na huduma zipi zinazonufaika kwa sasa?

Katika kiwango cha asilimia sifuri kuna bidhaa zinazouzwa nje ya nchi, mkate wa kawaida, unga wa mahindi na gesi ya kupikia. Katika misamaha kuna mazao ya shambani yasiyosindikwa, huduma za matibabu na elimu, huduma nyingi za kifedha, bima, kodi ya nyumba za kuishi, nauli za kawaida za abiria na taulo za hedhi, ambazo Kenya iliziondolea VAT mwaka 2004. Orodha kamili imo katika Jedwali la Kwanza na la Pili la Sheria ya VAT, na kwa kuwa hubadilika karibu kila mwaka, ni vyema kusoma toleo lenye marekebisho ya karibuni kabla ya kupanga bei.

## Gharama kwa hazina ya umma

4. Kwa nini serikali inaipitia misamaha hii sasa?

Kwa sababu mapato hayatoshi na madeni ni makubwa. Mkakati wa Mapato wa Muda wa Kati, unaohusu miaka ya fedha ya 2024/25 hadi 2026/27, uliweka lengo la kufikisha mapato ya kodi asilimia 20 ya Pato la Taifa, na kupunguza misamaha ni mojawapo ya njia zilizotajwa humo. Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo Kenya ilikuwa na mpango wa mikopo nalo kuanzia Aprili 2021, limekuwa likihimiza jambo hilo hilo.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana. Msamaha wa kodi ni matumizi ya fedha za umma. Tofauti yake na barabara au mishahara ya walimu ni kwamba matumizi ya kawaida hupigiwa kura Bungeni kila mwaka, hali msamaha ukishaingia katika sheria hukaa humo bila mtu kuuliza kama bado unafanya kazi iliyokusudiwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja yenye uzito zaidi ya kufanya mapitio, kuliko hata pengo la bajeti.

5. Misamaha inaigharimu serikali kiasi gani?

Hazina ya Taifa huchapisha ripoti ya kila mwaka kuhusu mapato yanayosamehewa. Kwa mwaka 2022 ilikadiria takriban shilingi bilioni 393, na kwa mwaka 2023 takriban shilingi bilioni 510, kiasi ambacho ni zaidi ya asilimia 3 ya Pato la Taifa. Makadirio hayo yanajumuisha kodi za aina mbalimbali, zikiwemo za mapato na za forodha, lakini sehemu kubwa zaidi inatokana na VAT.

Ili kuupata uzito wa takwimu hizo, zilinganishwe na mgao wa kaunti zote 47, ambao kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 ni shilingi bilioni 415. Ulinganisho huo si wa hesabu kamili, kwa kuwa miaka ni tofauti, lakini unaonyesha kwamba tunazungumzia fedha zinazoweza kubadilisha hali ya hospitali na barabara. Kaunti zenyewe zinahusika moja kwa moja, kwa maana VAT ni kodi ya serikali ya kitaifa na Kifungu cha 203 cha Katiba kinazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Msamaha unaotolewa Nairobi hupunguza pia chungu ambacho Turkana na Kwale hupakuliwa kutoka humo.

6. Je, misamaha yote ikiondolewa, serikali itapata kiasi chote hicho?

Haitapata, na yeyote anayesema hivyo anaisoma ripoti vibaya. Makadirio hayo hupatikana kwa kuchukua mauzo yaliyopo na kuyazidisha kwa kiwango cha kodi, kana kwamba watu hawatabadilisha mwenendo wao. Katika maisha halisi, bei ikipanda watu hununua kidogo, au huhamia kwa muuzaji asiyesajiliwa asiyetoa risiti. Aidha, bidhaa ikitoka katika misamaha na kuingia katika asilimia 16, muuzaji hupata haki ya kudai kodi ya manunuzi yake, na hiyo hupunguza kinachobaki serikalini. Mauzo ya nje nayo hayawezi kuhesabiwa kuwa hasara, kwa kuwa desturi ya VAT duniani ni kwamba bidhaa hutozwa kodi kule inakotumiwa.

7. Anayefaidika na msamaha ni maskini au tajiri?

Wote wawili, lakini kwa njia tofauti, na mjadala mwingi huharibika kwa sababu kila upande hutaja nusu ya ukweli. Chukua familia mbili za kubuni. Ya kwanza iko Mukuru, ina mapato ya shilingi 18,000 kwa mwezi na hutumia shilingi 3,000 kwa unga na mkate. Ya pili iko Lavington, ina shilingi 300,000 na hutumia shilingi 9,000 kwa bidhaa hizo hizo, pamoja na zile za wageni na wafanyakazi wa nyumbani. VAT ya asilimia 16 ingeigharimu familia ya kwanza shilingi 480 na ya pili shilingi 1,440.

Anayetetea kuondoa nafuu hiyo atasema kwamba serikali inaipa familia ya Lavington mara tatu ya kile inachoipa ya Mukuru, na hilo ni kweli. Anayepinga kuiondoa atasema kwamba shilingi 480 ni karibu asilimia 2.7 ya mapato ya Mukuru, hali shilingi 1,440 hazifiki nusu ya asilimia moja ya mapato ya Lavington, na hilo pia ni kweli. Swali la haki liko katika kile ambacho familia ya Mukuru itapewa badala ya nafuu hiyo.

Si kila nafuu inayofanana na ya unga, hata hivyo. Ipo inayohusu mitambo ya wawekezaji wakubwa, vifaa vya miradi maalumu, na huduma zinazotumiwa karibu na wenye uwezo peke yao. Hiyo ndiyo inayostahili kuanza kupitiwa, kwa sababu anayenufaika anajulikana kwa jina na ahadi aliyoitoa, iwe ni ajira au kiwanda, inaweza kukaguliwa. Inasikitisha kwamba miaka nenda miaka rudi mapitio huanzia kwenye sufuria ya mwananchi.

8. Kwa nini serikali isitoze kila kitu kisha iwape maskini fedha taslimu?

Wataalamu wengi wa kodi wanaupendelea mpango huo, na kwenye karatasi hesabu zake zinakubali, kwa sababu fedha humfikia anayezihitaji peke yake. Kenya tayari ina Inua Jamii, inayowalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, walezi wa mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Ugumu ni kwamba bei hupanda siku sheria inapoanza kutumika, ilhali malipo hayo yamekuwa yakichelewa mara kwa mara. Zaidi ya hayo, mama anayeuza mboga Kawangware akiwa na umri wa miaka 40 hayumo katika kundi lolote kati ya hayo matatu, na unga ananunua kila siku. Mpaka orodha ya wanufaika imfikie mtu kama yeye na malipo yatoke kwa wakati, kuutoza unga kwa ahadi ya fidia ni kumlazimisha mtu asiye na akiba aikopeshe serikali.

## Yaliyokwisha kutokea

9. Ilikuwaje kuhusu mkate mwaka 2024?

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kuutoa mkate wa kawaida katika kiwango cha asilimia sifuri na kuutoza asilimia 16. Maandamano yalipoanza, pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni, lakini hasira ilikuwa imekwisha kuvuka mkate. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, watu waliuawa, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Mkate ulibaki ulipokuwa.

10. Na mafuta ya petroli? Mbona msamaha wake ulikwisha?

Sheria ya 2013 iliyapa mafuta msamaha wa muda wa miaka mitatu, ukaongezwa miwili mwaka 2016. Tarehe 1 Septemba 2018 kodi ya asilimia 16 ilianza kutozwa, ikazua mgomo wa wasafirishaji wa mafuta na malalamiko ya nchi nzima, na katika mwezi huo huo Bunge likaishusha hadi asilimia 8. Sheria ya Fedha ya 2023 iliirudisha asilimia 16 kuanzia Julai mwaka huo, huku gesi ya kupikia ikiingizwa katika kiwango cha asilimia sifuri.

Historia hii inafundisha jambo kuhusu namna ya kufanya mapitio. Msamaha wenye tarehe ya mwisho unamlazimisha kila mmoja kujiandaa, lakini kwa muda wote wa miaka mitano hakuna aliyewaandaa wasafiri wa matatu wala wakulima wenye mashine za dizeli kwa siku ile ya Septemba.

## Mamlaka na ushiriki wa wananchi

11. Nani ana uwezo wa kutoa au kuondoa msamaha?

Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna kodi inayoweza kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Sheria ikiruhusu kodi kuondolewa kwa mtu au kampuni, ni lazima rekodi ya umma iwekwe pamoja na sababu, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aarifiwe. Kifungu hicho hicho kinakataza sheria yoyote kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo chake. Kwa vitendo, mapendekezo hutoka Hazina ya Taifa, Mswada wa Fedha hufikishwa katika Bunge la Taifa kufikia tarehe 30 Aprili, na Kamati ya Fedha na Mipango ya Taifa huujadili kabla ya wabunge kupiga kura.

12. Mwananchi wa kawaida anaweza kusikika vipi?

Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, kwa hiyo kamati hutangaza magazetini tarehe za kupokea maoni, kwa maandishi na kwa kufika mbele yake. Maoni yenye nguvu hutaja kipengele cha mswada kwa namba, hueleza kwa hesabu jinsi bei itakavyobadilika, na hupendekeza maneno mbadala. Kikundi cha waokaji kumi wa Kariobangi kinachowasilisha hesabu kama ile ya swali la 2 kina nafasi nzuri kuliko mamia ya barua zinazosema tu "tunapinga".

Suala la ushirikishaji limefika mahakamani. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, kasoro za ushirikishaji wa umma zikiwa miongoni mwa sababu, lakini tarehe 29 Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo na sheria ikabaki.

## Kwa wenye biashara

13. Mauzo yangu hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka. Haya yananihusu?

Hulazimiki kujisajili kwa VAT ikiwa mauzo yako yanayotozwa kodi hayafiki kiwango hicho, lakini unaponunua kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa unalipa VAT bila kuweza kuidai. Bidhaa ikiondolewa msamaha, gharama yako itapanda siku hiyo hiyo.

14. Ninauza vitu vilivyosamehewa na vinavyotozwa kodi. Nidai vipi?

Kodi ya manunuzi yanayohusu moja kwa moja bidhaa zinazotozwa kodi hudaiwa yote, na ya yale yanayohusu bidhaa zilizosamehewa haidaiwi. Gharama za pamoja, kama umeme wa duka, hugawanywa kwa uwiano wa mauzo. Kumbuka kwamba bidhaa za asilimia sifuri huhesabiwa upande wa zinazotozwa kodi (tazama swali la 2), na kwamba kodi ya manunuzi hudaiwa ndani ya miezi sita.

15. Nina haki ya kurejeshewa kodi lakini malipo hayaji. Je, si afadhali bidhaa yangu iwe katika misamaha?

Baadhi ya wenye viwanda wamefikia kulisema hilo, nami nauelewa uchovu wao, maana fedha zilizokwama KRA ni mtaji ambao wanalazimika kuukopa benki kwa riba. Hata hivyo, kuhamia misamaha ni kulisamehe deni lote la baadaye ili kukwepa ucheleweshaji wa sasa. Serikali nayo hujitetea kwamba kuhamisha bidhaa kutoka asilimia sifuri kunapunguza madai ya udanganyifu. Madai hayo yapo, lakini ankara za kielektroniki za eTIMS zimeletwa kwa kazi hiyo hasa ya kuyanasa, kwa hiyo si haki mwokaji mwaminifu aadhibiwe kwa udhaifu wa ukaguzi.

## Hali za pekee

16. Bidhaa ikibadilishiwa hadhi nikiwa nayo ghalani, nitoze kodi ipi?

Kinachoangaliwa ni wakati wa mauzo, na tarehe uliyoinunua haihusiki. Kisheria mauzo huhesabiwa kutokea siku ya mwanzo kati ya siku ya kukabidhi bidhaa, ya kutoa ankara na ya kupokea malipo. Mteja akikulipa tarehe 28 Juni na kuchukua mzigo tarehe 3 Julai, inatumika hadhi ya Juni, mradi una ushahidi wa malipo.

17. Niliagiza mashine kwa msamaha, sasa nataka kuiuza au kuitumia kwa kazi nyingine.

Sheria ya Fedha ya 2025 iliweka wazi kwamba bidhaa iliyonufaika na msamaha au asilimia sifuri ikitumiwa au kuuzwa kinyume na lengo la nafuu hiyo, VAT ya kiwango cha kawaida hudaiwa. Pata ushauri wa maandishi kabla ya kuuza, kwa sababu deni humfuata aliyepewa nafuu.

18. Shule, hospitali au shirika letu la hisani limesamehewa. Kwa nini bado tunalipa VAT dukani?

Kwa sababu kilichosamehewa ni huduma mnayoitoa, kama vile kufundisha au kutibu, na manunuzi yenu hayajasamehewa. Rangi ya madarasa, kompyuta na samani hutozwa kama kwa mnunuzi mwingine yeyote, na kwa kuwa huduma yenu imo katika misamaha hamwezi kuidai kodi hiyo. Miradi inayofadhiliwa kwa misaada rasmi na balozi za kigeni zina taratibu zao, ambazo huhitaji idhini kabla ya kununua. Risiti ikishatolewa ikiwa na kodi, kuirejesha ni kazi ndefu. Wasimamizi wa shule za mitaani wanaoandaa bajeti ya mwaka waiweke asilimia hiyo 16 tangu mwanzo katika kila kitu kinachotozwa kodi watakachonunua kwa muuzaji aliyesajiliwa.